Namna ya kupiga uzi wa chaki ukanyooka, na kwa nini mtu mwema huitwa mnyofu

Uzi wa chaki ni zana ya vitu vitatu tu: uzi, unga wa rangi, na kikasha cha kuvihifadhi pamoja. Unauvuta kati ya alama mbili, unaukaza hadi ulie kama uzi wa gambusi ukiugusa, unaunyanyua kwa vidole viwili, unauachia. Ta! Chini umebaki mstari wa mita nane ambao mkono mtupu wa mtu usingeuchora hata ukipewa siku nzima.

Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kupepesa jicho, wengi hujifunza kwa kutazama tu na hawaulizi chochote. Matokeo yake tunayaona. Vigae vinaanza vizima mlangoni na kuishia vipande vyembamba kama kisu kwenye ukuta wa pili. Mabati yanaonekana kama yameteleza upande. Kabati linakataa kukaa ukutani. Mara nyingi kosa halikuwa kwenye kigae wala kwenye bati. Lilikuwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, uliopigwa haraka haraka ili kazi "ya kweli" ianze. Kwangu mimi, mstari ndiyo kazi ya kweli, na yanayofuata ni kuutii.

Kwa nini uzi hunyooka, na nini huupotosha

Uzi uliokazwa hufuata njia iliyo fupi kuliko zote kati ya ncha zake mbili, na njia hiyo ndiyo mstari ulionyooka. Ubao wa kuchorea hucheza ukipata jua na unyevu, rula ndefu ya chuma hupinda ikiegemezwa vibaya, lakini uzi kila ukivutwa huanza upya, umenyooka kama siku ya kwanza.

Vitu vya kuupotosha ni vitatu. Cha kwanza ni kitu chochote kilichougusa njiani: punje ya changarawe, tone la zege lililokauka, kichwa cha msumari. Cha pili ni upepo, ambao huusukuma uzi mrefu ukafanya upinde usiouona kwa macho. Cha tatu ni uzito wa uzi wenyewe.

Hicho cha tatu ndicho watu hawakiamini. Ukivuta uzi mlalo ukutani au hewani kati ya vigingi viwili, hushuka tumbo katikati hata uukaze vipi. Chukua uzi mwembamba wenye uzito wa gramu 1 kwa kila mita, uvute urefu wa mita 10 kwa nguvu ya kilo 5: katikati utakuwa umeshuka milimita 2.5. Uvute vivyo hivyo urefu wa mita 5, na kushuka kunakuwa kama milimita 0.6. Urefu ukizidi mara mbili, tumbo huzidi mara nne. Ukikaza mara mbili, tumbo hupungua nusu. Ndiyo sababu mstari mrefu wa ukutani haupigwi kwa mkupuo mmoja. Sakafuni shida hii haipo, maana uzi umelala juu ya sakafu yenyewe.

Kikasha, uzi na unga

Kikasha cha siku hizi huwa na uzi wa mita 15 hadi 30 uliozungushwa kwenye kigurudumu cha ndani, mkono wa kuuzungushia, mdomo wenye kipande laini kinachofuta unga uliozidi, na kulabu ndogo ya chuma kwenye ncha ya uzi.

Uzi wa pamba iliyosokotwa hubeba unga mwingi na kuacha mstari mnene, unaoonekana hata kwenye zege chakavu na tofali. Uzi mwembamba wa nailoni iliyosukwa huacha mstari mwembamba na safi, na huo ndio ninaoutaka kwa mbao na vigae. Fikiria: mstari ukiwa na unene wa milimita 3, wewe na mwenzako mnaweza kukata kila mmoja upande wake, nyote mkaapa kwamba mmefuata mstari.

Rangi ya unga si urembo. Buluu ni ya kazi nyingi za ndani, inaonekana vizuri na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Nyeupe hufutika kwa urahisi kuliko zote, kwa hiyo itumie juu ya kitu kilichokwisha kupambwa au chenye rangi nzito. Nyekundu hupata rangi yake kwenye oksidi ya chuma, yaani kutu, nayo hung'ang'ania: inavumilia manyunyu na kukanyagwa, lakini ukiipiga kwenye ukuta utakaopakwa rangi hafifu, itajitokeza juu ya rangi na kukuaibisha. Mstari wa muda usipigwe kwa rangi ya kudumu. Nimewaona watu wakikwangua plasta nzima kwa ajili ya mstari mmoja mwekundu.

Unapojaza, mimina kidogo kidogo, ukigonga kikasha ili unga ushuke, na uishie nusu au theluthi mbili. Kikijaa pomoni uzi hukosa pa kuzungukia, na unga hushikamana ukawa bonge. Ukishafunga, tikisa, vuta uzi wote hadi mwisho, urudishe, uvute tena. Uzi mpya usiofanyiwa hivyo hutoa mstari wenye mapengo. Usimimine kwenye upepo wala usivute hewa yenye vumbi hilo. Ni unga mwepesi na hauna faida yoyote kwa mapafu wala macho.

Kuhusu ile kulabu, mafundi wa China wana hadithi yake. Wao hutumia wino badala ya unga: uzi hupita ndani ya kijaluba chenye pamba au hariri iliyoloweshwa wino mweusi. Husimuliwa kwamba Lu Ban, mhenga wa maseremala wao, kila alipotaka kupiga mstari alimwita mama yake aje amshikie ncha ya pili ya uzi. Mama aliacha shughuli zake mara kwa mara, hadi siku moja akamwambia mwanawe afunge kulabu kwenye ncha ili imshikie. Kulabu hiyo ikaitwa kwa jina la mama wa Ban. Naipenda hadithi hii kwa sababu inakumbusha jambo la msingi: kulabu imekaa mahali pa mtu. Kama usingemwachia mtu mzembe ncha ya uzi wako, basi usiichomeke kulabu ovyo.

Alama za mwanzo na mwisho

Kati ya ncha mbili, uzi haukosei. Makosa yote unayaleta wewe kwenye ncha.

Weka alama kwa penseli iliyochongwa, na uiweke kwa umbo la V, ncha ya V ikigusa pale hasa unapopataka. Nukta hupotea chini ya uzi, na kistari kimoja cha wima hakikuambii kama ni upande wake wa kulia au wa kushoto. V huelekeza mahali pamoja tu. Halafu amua jambo moja na ulishike siku nzima: uzi upite juu ya ncha ya V, kwa katikati ya unene wake, pande zote mbili. Mmoja akiweka uzi juu ya alama na mwingine akiuweka pembeni, mmeshapoteza milimita moja kabla hata ya kuanza.

Siku zangu za kujifunza nilipewa ukumbi mrefu wa kupiga mstari wa vigae. Nilipima sentimita 60 kutoka ukutani upande huu, sentimita 60 upande ule, nikapiga uzi, nikaridhika. Vigae vilipofika katikati, pengo la ukutani lilikuwa limezidi kwa upana wa vidole viwili. Nikamwendea mzee aliyekuwa akinifundisha.

"Mzee, uzi umekosea."

"Uzi hauna ubaya na mtu, mwanangu. Rudi ukaangalie ukuta wako."

Nilirudi nikavuta uzi sambamba na ukuta. Ukuta ulikuwa umebonyea katikati, na hakuna aliyewahi kuujua ubaya huo hadi siku ile. Mstari wangu ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuamini ukuta kuliko ulivyostahili. Tangu hapo, kabla sijapima kutoka kwenye ukuta, kwanza naupima ukuta wenyewe.

Watu wa Misri ya kale waliipa kazi hii ya ncha heshima kubwa. Kabla ya kujenga hekalu palikuwa na ibada ya kunyoosha kamba, na kuta za mahekalu ya Edfu na Dendera zina picha zake za kuchongwa: mfalme upande mmoja, mungu wa kike Seshat upande wa pili, kila mmoja ameshika kigingi na nyundo, na kamba ikivizunguka vigingi vyote viwili. Kwenye picha hizo anayeshika ncha ni mfalme mwenyewe, wala hakutumwa mtu mwingine.

Kupiga wenyewe

Fagia njia nzima utakapopita uzi. Pitisha kiganja. Sehemu iwe kavu, maana juu ya umande au zege bichi unga haushiki, na uzi ukilowa utaingiza maji ndani ya kikasha na kugeuza unga wote kuwa tope.

Shikisha kulabu kwenye ukingo wa ubao, au piga msumari mwembamba kwenye alama na uizungushie. Ukiwa na mwenzako, abonyeze uzi kwa ukucha wa kidole gumba juu ya ncha ya V, asibonyeze kwa kiganja. Rudi nyuma ukiuachia uzi utoke wenyewe, usiuburuze chini. Ukiburuzwa unafuta unga wake na kuchafua sakafu kwa mistari isiyo na maana.

Kabla ya kuukaza kabisa, upige mara moja hewani. Unga wa ziada utaruka. Ukikosa kufanya hivi, mstari wa kwanza huwa mnene na wenye ukungu pembeni.

Sasa kaza. Kaza kuliko unavyodhani inatosha, hasa nailoni, ambayo huvutika. Weka uzi kwenye alama yako, ubonyeze kwa kidole gumba cha mkono ulioshika kikasha, na kwa mkono wa pili unyanyue uzi kwa kidole cha shahada na gumba.

Hapa ndipo ulipo ufundi wote. Nyanyua wima kabisa kutoka kwenye uso unaoupiga: sakafuni ni juu, ukutani ni kuelekea kwako. Ukinyanyua huku umeinama upande, uzi unarudi kwa mshazari, unakwangua, na mstari unatoka umepinda katikati ingawa ncha zote mbili ni sahihi. Kosa hili ni baya kwa sababu ukipima ncha unakuta hazina hitilafu. Kwa hiyo simama au piga goti juu ya uzi, pua yako iwe sawa nao, unyanyue upana wa vidole vitatu au vinne, uachie mara moja. Usiusindikize. Vidole vifunguke tu.

Mstari mrefu, tuseme unaozidi mita 6, mpe mtu wa tatu abonyeze uzi katikati hapo hapo ulipolala, bila kuusukuma kulia wala kushoto, kisha upige nusu ya huku na nusu ya kule. Ukutani kabla ya kubonyeza katikati hakikisha kwa pimamaji, kile chombo cha kupimia usawa, kwamba tumbo la uzi limeondolewa. Nje penye upepo fanya hivyo hivyo kwa vipande vifupi zaidi, ukisubiri upepo utulie.

Piga mara moja. Mstari ukitoka hafifu, shawishi ya kupiga tena ni kubwa, lakini mara ya pili uzi hauangukii pale pale, na utapata mistari miwili usiyojua upi wa kuamini. Afadhali ufute, urudishe uzi ndani ukanywe unga, uanze upya. Uzi uliokolea unga hutoa mistari miwili au mitatu mizuri kabla ya kuhitaji kurudi kikashani.

Hata kufuta hakuna aibu. Mafundi wa Misri walichovya uzi katika rangi nyekundu na kuupiga ukutani ili wapate miraba ya kupimia picha. Katika kaburi la Horemheb, kwenye Bonde la Wafalme, kazi haikumalizika, na miraba ile bado inaonekana pamoja na michoro ya kwanza kwa rangi nyekundu na masahihisho juu yake kwa rangi nyeusi. Kaburi la mfalme lina masahihisho.

Kupata pembe mraba kwa uzi

Mstari mmoja ulionyooka ni rahisi. Mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba ndiyo inayobeba chumba.

Kwa sakafu ya vigae, tafuta katikati ya kuta mbili zinazotazamana, piga uzi. Tafuta katikati ya zile nyingine mbili, vuta uzi lakini usipige bado. Zinapokatana nyuzi, pima kutoka hapo sentimita 90 kwenye mstari wa kwanza na sentimita 120 kwenye uzi wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili, kwa ulalo, lazima uwe sentimita 150 kamili. Ukizidi, pembe imefunguka, ukipungua, imefumba. Sogeza ncha moja ya uzi hadi vipimo vikubali, ndipo upige. Kama chumba ni kikubwa, tumia mita 3, 4 na 5, kwa kuwa kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo kosa la tepu linavyokuwa dogo. Usidharau digrii moja: kwa urefu wa mita 4 inakuwa kombo la karibu sentimita 7.

Kisha panga vigae vikavu kwenye mistari bila gundi. Kama kigae cha mwisho ukutani kinatoka chembamba kuliko nusu, sogeza mstari kwa nusu kigae na upige upya. Mistari ikiwa minne ya kufunga mstatili, pima mistari yote miwili ya ulalo; ikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, una pembe mraba nne.

Ukutani, mstari wa wima huupata kwa timazi, yaani uzito ulioning'inizwa kwenye uzi. Vikasha vingi vina umbo la tone na kifungo cha kuzuia uzi, kwa hiyo kikasha chenyewe kikining'inizwa kinakuwa timazi. Kiache kitulie kabisa, weka alama chini, ndipo ukaze na upige.

Gogo la mviringo

Sehemu hii naiandika kwa wanaochonga miti, ingawa wengine nao wakiisoma watauelewa uzi vizuri zaidi.

Sakafu inakusamehe, maana ni bapa. Gogo halikusamehe. Liweke juu ya vizuizi, lipigie kabari lisibingirike hata kidogo. Katika kila uso wa mwisho chora mstari wa wima unaopita kwenye moyo wa gogo, kwa timazi au pimamaji, kisha kuzunguka moyo huo chora mraba wa boriti unayoitaka. Ndani ya gogo lako sasa kuna boriti ambayo haijaonekana. Toa gamba kwa ukanda utakaopitiwa na uzi, kwa sababu gamba huhama.

Vuta uzi kutoka pale mstari wa upande wa mraba unapotokea juu ya gogo, upande huu, hadi mwenzake upande wa pili. Sasa mkono utakuambia unyanyue uzi moja kwa moja kutoka kwenye gamba, yaani kwa mshazari kuelekea nje, kwa kuwa uso wa gogo hapo umeinama. Usiusikilize. Nyanyua wima, sawa na timazi. Kwenye kitu cha mviringo, mwelekeo unaonyanyulia ndio unaoamua mahali uzi utakapoangukia. Ukinyanyua wima, mstari unapanda na kushuka kwenye vinundu vyote vya mti, ukiutazama kwa ubavuni unaonekana umepinda kama nyoka. Lakini simama mwisho wa gogo, fumba jicho moja, utazame kando ya mstari wa wima wa uso wa mwisho, na utaona wote umeungana ukawa mstari mmoja. Ukichonga kwa kushuka wima kutoka hapo, uso unatoka bapa.

Maseremala wa Japani wamelifikisha jambo hili mbali. Miti iliyopinda kiasili hawaikatai. Huitumia kama boriti za paa. Hupiga uzi wa wino kwenye gogo lililopinda, na vipimo vyote vya maungio hupimwa kutoka kwenye mstari huo. Mti unabaki na mpindo wake, lakini una mstari mmoja usiobadilika, na kwa huo unaungana na boriti nyingine bila pengo. Kijaluba chao cha wino huchongwa kwa mapenzi makubwa. Kimoja kilikutwa mwaka 1879 juu ya boriti ya lango kuu la kusini la hekalu la Tōdai-ji, mjini Nara. Fundi alikiacha huko juu, na hakuna aliyekigusa hadi wakati huo.

Neno mnyofu

Kiswahili hakikutenganisha mbao na mtu. Ubao ulionyooka na mtu mwadilifu tunawaita kwa shina moja: mnyofu. Anayepotosha ushahidi anapindisha maneno. Waislamu kila siku huomba kuongozwa njia iliyonyooka. Hata neno mstari lina uzi ndani yake: limetoka Kiarabu, ambako mistara ni rula, na waandishi wa kale walikuwa na mistara ya aina ya pekee, kadi ngumu iliyofungwa nyuzi zilizokazwa kwa nafasi sawa. Karatasi iliwekwa juu yake ikasuguliwa kwa kidole, na nyuzi zikaacha alama za mistari bila tone la wino. Kilatini nacho kiliita mstari linea kutokana na linum, yaani kitani, uzi wa kitani. Na Kichina kina neno moja lenye maana ya "kamba na wino" ambalo limekuwa na maana ya kanuni.

Nadhani watu walichagua uzi kuwa mfano wa haki kwa sababu mafundi wanaijua tabia yake kwa vidole. Hauulizi ukuta ni wa nani. Ukipita karibu na kitu kilichopinda, haukisukumi wala haukifuati. Unapita tu, na pengo linaonekana. Nyundo hulazimisha, msumeno hutenganisha, uzi huonyesha. Kisha unaondoka na kuacha alama, na uamuzi unabaki kwako. Nimewaona watu wakiona pengo wakafuta mstari badala ya kusawazisha ukuta.

Baada ya kupiga

Unapokata, jua utapita upande gani. Meno ya msumeno hula milimita 2 hadi 3, na hizo lazima zitoke kwenye kipande cha kutupwa. Chora X upande wa kutupwa na uache mstari ukiwa mzima kwenye kipande unachokitaka. Ukimaliza, uuone bado upo.

Mstari utakaokanyagwa siku kadhaa unyunyizie vanishi isiyo na rangi, au hata dawa ya kushikiza nywele, nao utakaa. Mstari uliokosewa usiuache sakafuni hata ukiwa hafifu: ufute, au uupige alama za mawimbi kwa penseli urefu wake wote ili kila mtu ajue umekufa. Mwenzako atakayekuja kesho hajui ulichokifikiria leo. Kwa sababu hiyo hiyo, kando ya mstari ulio sahihi andika ni wa nini: "katikati ya ukuta", "mita 1 juu ya sakafu iliyomalizika", na mshale wa upande.

Jioni, kama uzi umelowa, usiurudishe. Uvute wote, uutandaze ukauke, uondoe mafundo, uangalie karibu na kulabu kama umeanza kufumuka. Hapo ndipo hukatika kwanza. Fundo lolote likibaki kwenye uzi litaacha tone la rangi katikati ya mstari na kuuinua uzi juu ya sakafu. Kata sehemu mbovu, funga kulabu upya, uzungushe taratibu ukiupitisha kati ya vidole viwili.